Nimeacha kuosha vyombo bombani, lakini kwenye beseni vinabaki na utelezi: nifanyeje?

Msomaji anaeleza kwamba nyumbani kwake wako watu sita, na vyombo vya kila mlo vilikuwa vinaoshwa koki ikiwa wazi mwanzo hadi mwisho. Ili kupunguza maji alihamia kwenye beseni moja la sabuni na moja la kusuuzia. Baada ya wiki mbili akakata tamaa: sahani zilibaki na utelezi, vikombe vilinuka mayai, na maji ya kusuuzia yaligeuka meupe kabla hajafika nusu ya kazi. Sasa amerudi bombani. Anauliza kama ipo namna ya kubana maji bila kula kwenye vyombo vichafu, na ni wapi pengine jikoni maji yanakopotelea.

Umefanya vizuri kutokubali utelezi, maana chombo kinachoteleza hakijaoshwa. Lakini kosa si la beseni. Dalili tatu ulizotaja kila moja ina chanzo chake. Utelezi ni mafuta au sabuni iliyobaki, harufu ya mayai huletwa na maji ya moto yaliyowahi mno, na maji ya kusuuzia yakiwa meupe mapema ujue sabuni imezidi. Zote tatu zinarekebishika bila kuongeza maji.

Kabla ya kubadili chochote, pima koki yako. Chukua jagi la lita 2, fungua koki kama unavyofungua siku zote ukiosha vyombo, na uhesabu sekunde mpaka jagi lijae. Zidisha lita kwa 60, kisha gawanya kwa sekunde ulizohesabu. Jagi likijaa kwa sekunde 12, koki inatoa lita 10 kwa dakika, na dakika 12 za kuosha zinakula lita 120. Usidhani ni nyingi kupita kiasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa watu kutoka nchi kadhaa za Ulaya vyombo vya meza ya watu 12 wavioshe kwa mikono kama walivyozoea, na wastani ukawa karibu lita 100. Sehemu kubwa ya maji ya namna hiyo haigusi uchafu hata kidogo. Yanatiririka wakati mkono unasugua, unatafuta sponji au unapanga sahani pembeni. Kwa hiyo usianze kwa kuosha harakaharaka au kusugua kidogo. Anza kwa kuhakikisha kwamba mkono ukiwa kwenye kazi nyingine, maji yametulia.

Tuanze na mafuta, kwa sababu ndiyo yanayoharibu beseni zima. Kikaango kimoja chenye mafuta kikitangulia kuingia kwenye maji ya sabuni, mafuta yake yanasambaa na kushika kila kikombe kinachofuata. Kwa hiyo vyombo vikwanguliwe vikiwa vikavu, kabla havijaona maji. Mwiko wa mpira unatoa mchuzi na mabaki vizuri kuliko kijiko, na kipande cha karatasi laini au gazeti kinamalizia mafuta yaliyoganda. Mafuta hayo yatupwe kwenye taka, yasimwagwe kwenye sinki. Yanapita yakiwa ya moto, yanapoa mbele kidogo na kuganda kwenye ukuta wa bomba la maji machafu, na siku bomba linapoziba utatumia ndoo nyingi kulizibua. Ukikwangua vizuri, beseni moja la sabuni linaweza kumaliza vyombo vya mlo wote. Usipokwangua utabadilisha maji mara mbili au tatu.

Sasa harufu ya mayai. Watu wengi huamini kwamba maji ya moto ndiyo husafisha kila kitu, na kwa mafuta ni kweli: maji ya nyuzi 40 hadi 45, ambayo mkono unayavumilia, hulainisha mafuta na kuipa sabuni nafasi ya kuyabeba. Lakini ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu. Ukimimina maji yaliyotoka kuchemka juu ya sahani ya mayai unaupika ute papo hapo, nao unang'ang'ania kwenye mikwaruzo midogo ya sahani. Uji, unga na wali havipendi maji ya moto pia, maana wanga ukipata moto huvimba na kuwa kama gundi. Vyombo vya mayai, maziwa, uji, unga na wali vipitishwe kwanza kwenye maji ya baridi, kisha ndipo viingie kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Maji hayo ya baridi hayahitaji kuwa mapya. Yale ya kusuuzia yaliyotumika yanatosha kabisa kwa kazi hii.

Kuloweka nako kuna ubadhirifu wake. Sufuria ya lita 8 iliyoshika wali chini haihitaji kujazwa hadi ukingoni. Weka maji ya kufunika ukoko tu, kina cha sentimita 1 au 2, kisha ifunike. Unyevu ulionaswa chini ya mfuniko utazilainisha pia kingo za juu. Ipe nusu saa. Ikiwa imeungua kweli, weka kina hichohicho cha maji, irudishe kwenye moto mdogo kwa dakika 5 ikiwa imefunikwa, kisha iache ipoe. Ukoko huinuka wenyewe kwa mwiko wa mbao. Siri ni kuwahi, maana ukoko ulioloweshwa punde baada ya kupakua huachia haraka, ila uliokauka usiku kucha utakudai maji na nguvu.

Kuhusu sabuni ya maji, anza na kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa lita 5 za maji. Sabuni nyingine ni nzito na nyingine nyepesi, kwa hiyo utarekebisha kidogo, lakini anzia hapo. Iwekwe kwenye beseni, isimiminwe juu ya sponji kila baada ya sahani mbili. Povu linafurahisha macho, ila kinachoondoa uchafu ni sabuni iliyomo ndani ya maji pamoja na mkono unaosugua. Ziada ya povu inahamia moja kwa moja kwenye maji ya kusuuzia, na ndiyo maana yako yaligeuka meupe.

Utajuaje kama utelezi uliobaki ni sabuni au ni mafuta? Chukua sahani ya udongo au glasi iliyosuuzwa, isimamishe na uangalie maji yanavyoteremka. Yakitanda kama utando mmoja mwembamba, uso ni safi. Yakikatika na kujikusanya kuwa matone, hapo pana mafuta, na kusuuza zaidi hakutasaidia: irudi kwenye sabuni. Kama yanatanda vizuri lakini kidole bado kinateleza, hiyo ni sabuni na inataka kusuuzwa tu. Kipimo hiki hakifai kwa plastiki, kwa kuwa maji hujikusanya juu yake hata ikiwa safi. Ndiyo maana vyombo vya plastiki vilivyobeba mchuzi wa mafuta vinapaswa kuoshwa mwisho kabisa na kwa maji yenye joto zaidi.

Utaratibu wa kuosha ni huu: glasi na vikombe, halafu vijiko na uma, halafu sahani na bakuli, halafu masufuria, kisha kikaango na vile vya plastiki vyenye mafuta mwisho. Ukiuvunja, maji yanachafuka mapema.

Kwenye kusuuza ndiko unakoweza kuokoa zaidi, kwa hiyo tufanye hesabu. Chukua vyombo 20, kila kimoja kikitoka kwenye beseni la sabuni na mililita 5 za maji ya sabuni zilizoshikamana nacho. Jumla ni mililita 100. Una lita 6 za kusuuzia. Ukiziweka zote kwenye beseni moja, mpaka chombo cha mwisho sabuni itakuwa imezimuliwa mara 61. Ukizigawa lita 3 na lita 3 kwenye mabeseni mawili, chombo kikapita la kwanza kisha la pili, kila beseni linazimua mara 31, na 31 mara 31 ni 961. Maji ni yaleyale lita 6, ila sabuni inayobaki ni pungufu karibu mara 16. Wewe ulikuwa na beseni moja la kusuuzia, na hapo ndipo utelezi ulipobakia.

Jambo la pili ni kuchuruza. Chombo kikitoka kwenye beseni, kishikilie kwa pembe juu ya beseni hilohilo na uhesabu mpaka tatu kabla ya kukihamisha. Ukipunguza maji yanayoshikamana kutoka mililita 5 hadi 2.5, mabeseni mawili yanakupa usafi mara nne zaidi ya hapo, bila tone la ziada. Vikombe na bakuli vipinduliwe kabisa, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba maji mengi.

Maji ya kwanza ya kusuuzia yakianza kuwa na ukungu, usiyamwage yote mawili. La kwanza lipeleke likaloweke masufuria, la pili lichukue nafasi ya la kwanza, kisha weka lita 3 mpya kwenye la mwisho. Vyombo vinasonga kutoka kwenye uchafu kwenda kwenye usafi, na maji yanarudi kinyume chake, kutoka kazi safi kwenda kazi chafu. Kwa vyombo vya watu sita utatumia lita 5 za sabuni, lita 6 za kusuuzia na lita 3 za kubadilishia, yaani kama lita 14.

Angalizo kwa anayetumia sinki badala ya beseni: pima eneo lake. Sinki la sentimita 40 kwa 35 linameza lita 1.4 kwa kila sentimita 1 ya kina. Ukilijaza sentimita 15 umeshatumia lita 21, mara nne ya beseni dogo. Ama weka beseni ndani ya sinki, ama jaza sentimita 4 tu.

Sponji ikinuka, vyombo vitanuka. Ikamue kabisa kila baada ya kazi, isimame mahali penye hewa, na ichemshwe dakika chache mara kwa mara. Vyombo vikauke vyenyewe kwenye chanja, maana kitambaa chenye unyevu hurudisha ulichokiondoa.

Tuhamie kwenye koki yenyewe. Koki inayodondoka tone moja kwa sekunde hupoteza lita 20 hadi 30 kwa siku, zaidi ya maji ya kuoshea vyombo vya mlo mmoja kwa njia niliyoeleza hapo juu. Kama ni koki ya kuzungusha mara nyingi, tatizo karibu kila mara ni raba ya ndani iliyochakaa. Funga valvu kuu, fungua koki maji yaishe, fungua kichwa chake kwa spana, toa raba, weka mpya ya ukubwa uleule. Kabla ya kufunga, pitisha kidole kwenye kiti ambacho raba inakalia. Kikiwa na mikwaruzo, raba mpya itakatika baada ya muda mfupi, na fundi atahitaji kukisawazisha au kubadili koki. Wala usikaze koki kwa nguvu zote ukidhani unazuia tone, kwani ndivyo raba inavyopondeka. Koki za kugeuza robo mzunguko hazina raba ya namna hiyo, na zikivuja hubadilishwa moyo wake mzima.

Kichungi cha kuchanganya hewa, kile kinachofungwa mdomoni mwa koki, kinaweza kushusha mtiririko kutoka lita 10 hadi 6 au chini kwa dakika. Ni kifaa kizuri kwa kunawa na kusuuza kitu kimojakimoja. Kwa kujaza sufuria hakiokoi kitu, maana lita 4 ni lita 4, unasubiri zaidi tu. Na kama maji yako yanashuka kutoka kwenye tangi lililoinuka mita 2 au 3 tu, presha ni ndogo sana, kiasi cha baa 0.2 hadi 0.3, na kichungi kinaweza kuyabana mpaka yakawa uzi. Hapo usikitumie. Kikiziba kwa chumvichumvi za maji, kifungue, kiloweke kwenye siki kwa saa moja, kisugue kwa mswaki wa zamani, na usipoteze kiraba chake. Njia isiyo na gharama kabisa ni kufunga kidogo valvu iliyo chini ya sinki mpaka mtiririko ukutoshe.

Maji ya moto ya bomba nayo yana tabia yake. Kila ukifungua, kwanza yanatoka ya baridi yaliyolala ndani ya bomba. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 15 hubeba karibu lita 1.8 kwa kila mita 10 za urefu. Ukifungua mara nane kwa siku umemwaga zaidi ya lita 14. Weka jagi chini ya koki, na maji hayo yawe ya kulowekea au kusuuzia. Bora zaidi, kusanya kazi za maji ya moto zifanyike pamoja.

Mboga za majani hazihitaji koki wazi. Toa kwanza udongo na majani mabovu zikiwa kavu, jaza beseni, zizungushe kwa mkono nusu dakika, uache mchanga utue, kisha *inua* mboga kutoka kwenye maji. Watu wengi humwaga maji na mboga kwa pamoja kwenye chujio, na mchanga uliokuwa umetua unarudi juu ya majani. Hapo wanalazimika kuosha mara tano badala ya mbili au tatu. Katakata baada ya kuosha, kwa sababu vitamini C na zile za kundi B huyeyuka kwenye maji kupitia sehemu zilizokatwa. Viazi na karoti visuguliwe kwa brashi ndani ya bakuli.

Nyama iliyoganda isiyeyushwe chini ya maji yanayotiririka. Ihamishe kutoka friza kwenda friji usiku wa kuamkia siku ya kupika. Ukiwa na haraka, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, izamishe kwenye maji ya baridi, na ubadilishe maji kila dakika 30. Nusu kilo hulainika kwa kama saa moja. Kuku mbichi hahitaji kuoshwa kabisa. Mamlaka za usalama wa chakula za Uingereza na Marekani zinashauri hivyo, kwa kuwa matone yanayoruka hupeleka bakteria kama Salmonella na Campylobacter kwenye sinki, nguo na vyombo vya jirani, ilhali moto wa kupikia huwaua. Mfute kwa karatasi na uitupe.

Kwenye kupika, maji hupotea hewani. Yakishachemka, moto mkali hauyaongezei joto, bali huyageuza kuwa mvuke tu. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji nishati karibu mara 7 ya ile iliyotumika kuyatoa nyuzi 20 hadi 100. Kwa hiyo yakianza kutokota, funika na upunguze moto: unaokoa maji na nishati kwa pamoja. Viazi vinatosheka na maji ya kuvifunika tu. Mayai hayahitaji hata kuzama. Kina cha sentimita 2, mfuniko uliobana, na dakika 12 za mvuke zinayaivisha.

Ukiwa na mashine ya kuoshea vyombo, ya kisasa hutumia lita 10 hadi 15 kwa mzunguko. Ijaze, kwangua tu bila kusuuza, na usafishe chujio lake la chini.

Mwisho ni maji yanayobaki. Ya kuoshea mboga na mchele yanafaa mimea au kulowekea vyombo. Ya kulowekea maharagwe yaende kwenye mimea, yasipikiwe. Hasa maharagwe mekundu makubwa yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuyaloweka angalau saa 5, kumwaga maji, kisha kuyachemsha kwa nguvu. Maji yaliyochemshiwa na chumvi yasiende kwenye udongo, na yenye mafuta huziba nafasi za hewa ardhini. Maji ya sabuni yafae usafi wa sakafu au choo, siku hiyohiyo, maana yakilala zaidi ya saa 24 huanza kunuka na kuzaa bakteria.

Kuna mahali ambapo sikushauri ubane kabisa. Ubao na kisu vilivyogusa nyama mbichi vioshwe peke yake kwa sabuni na maji ya moto, maji yake yamwagwe, yasiingie kwenye mzunguko wa mabeseni wala kwenye mimea ya kuliwa. Vyombo vya mtoto mchanga na vya mgonjwa wa kuharisha vioshwe kando vilevile. Mikono isuguliwe kwa sabuni sekunde 20 kamili. Katika sekunde hizo 20 koki ifungwe, kwa sababu ikibaki wazi kwa lita 10 kwa dakika, lita 3.3 zinapotea zikiwa safi.